Waliokula Chumvi Nyingi

Nchi ninayotaka kuisimulia haiko popote. Msijisumbue kuitafuta kwenye ramani, na yeyote atakayedai kuwa ameiona mtaani kwao, huyo anajitakia makubwa na mimi simo. Ilikuwa nchi ya milima na mihogo, imezungukwa na nchi nyingine pande zote, na bahari ilikuwa mbali nayo kiasi kwamba watoto shuleni walichora meli zikiwa na magurudumu. Hata hivyo ilikuwa na Wizara ya Bahari, kwa sababu nchi zenye heshima zinayo. Ilikuwa pia na Jeshi la Majini, ambalo lilifanya mazoezi kwenye uwanja wa mpira wakati wa masika, maji yakituama upande wa goli la kusini.

Aliyeitawala aliitwa Mheshimiwa Mkuu. Majina yake mengine yalikuwa mengi mno, mtangazaji akiyaanza asubuhi habari zenyewe zinachacha. Siku moja alialikwa na rais wa nchi ya pwani, akalishwa chakula cha jioni mbele ya ukuta wa kioo ambao ndani yake samaki wa kila rangi walikuwa wakipita wanamwangalia. Mwenyeji wake alisema, kama mtu anayezungumzia viatu vyake vya zamani, kwamba hiyo ni bahari yake ya nyumbani, huitazama akiwa amechoka. Mheshimiwa Mkuu alirudi kwao amenuna. Ndani ya juma hilo alihutubia taifa.

"Wananchi wenzangu," alisema redioni, "mmekosa bahari tangu enzi za mababu, na jambo hili limenigusa. Nimeamua kuipokea kwa niaba yenu, nyumbani kwangu, sebuleni."

Wananchi walipiga makofi, waliokaa karibu na polisi wakipiga zaidi.

Hotuba hiyo iliandikwa na Gervasi Mbonde. Huyu zamani alikuwa mwalimu wa lugha, mtu mpole mwenye sauti ya chini, aliyewafundisha watoto wa watu methali na nahau mpaka Ikulu ikasikia sifa zake ikamchukua. Kazi yake ilikuwa kuzikoleza hotuba. Mheshimiwa Mkuu alipelekwa kusoma ng'ambo angali mdogo sana, akarudi na shahada za kutosha na lugha ya nyumbani kidogo tu, lakini nahau alizipenda mno. Alizisema kwa madaha bila kujua maana yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Palikuwa na kanuni isiyoandikwa, iliyoheshimiwa kuliko katiba, kwamba Mheshimiwa Mkuu hafafanuliwi.

Mwaka mmoja Gervasi alimwandikia kwamba watumishi wa umma wajifunge kibwebwe, maana yake wajitume kazini. Mheshimiwa Mkuu aliisoma, ikamvutia, akaagiza ukaguzi. Kesho yake makatibu wakuu, mijibaba yenye vitambi, waliingia ofisini wamejifunga kanga viunoni juu ya suti, na mkuu wa itifaki alipewa onyo kwa kuifunga yake ikalegea. Gervasi alikwenda kumhadithia bibi yake, wakacheka mpaka bibi akashika mbavu.

Bibi huyo aliitwa Skolastika, na ndiye aliyemlea Gervasi tangu wazazi wake walipofariki. Aliishi nje kidogo ya mji, akiuza mboga za majani mlangoni na kucheza bao na jirani yake, Mzee Kandoro, fundi wa saa ambaye kila saa aliyoitengeneza ilikwenda mbele. Kama mabibi wote wenye utani na wajukuu, alimwita Gervasi mume wangu, akimdai kitenge na kumsuta kwa kuoa mke mwingine bila kumpa talaka yeye. Gervasi alipata vyeo vingi maishani, lakini hakuna jina lililomtuliza moyo kama hilo.

Basi ikaundwa Kamati ya Taifa ya Bahari ya Nyumbani. Mwenyekiti alikuwa Waziri wa Bahari, Profesa Tirumanya, bingwa wa maji marefu aliyekuwa hajui kuogelea. Gervasi aliingizwa ili aandike hotuba ya uzinduzi.

Kazi ilianza kwa kuvunja ukuta wa sebule, kisha ukuta wa pili, kisha choo cha wageni, maana tangi la kioo lilipofika lilionekana kuwa na maoni yake kuhusu nyumba. Maji ya bomba ya mji mzima yakaelekezwa huko. Wananchi waliouliza kulikoni walijibiwa na Wizara kwamba maji yao yamekwenda masomoni kusomea ubahari, na wajivunie. Mtaalamu aliletwa kutoka pwani, akafunga pampu, vichujio na taa, akapanga matumbawe na kumwaga mchanga mweupe. Kisha akaieleza Kamati kwamba bahari si maji yaliyotiwa chumvi ya jikoni. Inatakiwa chumvi yake maalumu, ipimwe, ichanganywe, na maji yaachwe yakomae kwa majuma kadhaa kabla ya samaki yeyote kutia pezi. Profesa Tirumanya alimjibu kwamba katika nchi hii mambo hukomaa yakishatangazwa. Mtaalamu akakumbuka kwamba mkewe ni mgonjwa, akaondoka na begi lake.

Chumvi maalumu iliagizwa, ikachelewa mpakani, na nasikia mpaka leo bado inachelewa. Kamati ikaamua itumike ile ile ya jikoni, ikusanywe kutoka madukani na majumbani kwa mchango wa hiari, hiari hiyo ikisimamiwa na askari. Magunia yakaanza kupanda kilima kuelekea kwa Mheshimiwa Mkuu. Lakini mkono mtupu haulambwi, na wajumbe wa Kamati walikuwa na mikono. Kila gunia lilipopita nyumbani kwa mjumbe lilipumzika kidogo, na lilipoondoka lilikuwa limekonda. Mengine yalipumzika moja kwa moja.

Gervasi naye aliletewa lake. Hakuliomba, dereva wa Wizara ndiye aliyelishusha. Gervasi alisema hapana, hapana, si vizuri, na huku akisema hivyo mkono wake ulikuwa unafungua mlango wa stoo. Alijieleza kwamba akilikataa ataonekana anawashtaki wenzake. Maelezo hayo yalimtosha mpaka chumvi ilipoadimika kabisa, redio ikaanza kufundisha faida za maharage ya chukuchuku, na mkewe akawa anafunga madirisha kabla ya kuonja mchuzi.

Samaki waliletwa kwa ndege na kutiwa majini kwa wimbo wa taifa. Baada ya muda mfupi walianza kuogelea kiubavu. Palikuwa na mmoja wa buluu ambaye Mheshimiwa Mkuu alimpenda kuliko wote, akampa cheo cha Luteni katika Jeshi la Majini. Luteni huyo alielea tumbo juu asubuhi moja, bendera zikashushwa nusu mlingoti, na Kamati ikaitwa sebuleni.

Mheshimiwa Mkuu alisimama mbele ya kioo, maiti ya Luteni ikiwa kwenye kisahani cha kikombe. Macho yake yalikuwa mekundu kwelikweli. Mganga wa mifugo alikuwa amemwambia kwamba maji hayana chumvi ya kutosha.

"Magunia ya nchi nzima yamekuja kwangu," alisema. "Sasa mtu mmoja anieleze. Ni nani amekula chumvi yangu?"

Profesa Tirumanya alitazama matumbawe. Kamanda wa Polisi alimtazama Profesa. Gervasi aliliona gunia lake waziwazi, kana kwamba limewekwa pale katikati ya zulia, na akahofu kwamba kila mtu analiona. Kwa kawaida jambo gumu lilipotokea Ikulu, dawa yake ilikuwa ni kuliundia baraza la wazee, wazee wakae, wanywe chai, jambo lisahaulike. Ndicho alichokuwa nacho kichwani. Lakini ulimi wake ulikuwa umezoea kukoleza.

"Mheshimiwa," alisema, "tunao watu katika nchi hii waliokula chumvi nyingi. Tukiwaita hao, jambo hili litakwisha."

Mheshimiwa Mkuu aligeuka polepole.

"Kumbe mnawajua," alisema. "Kamanda, wakamatwe. Wairudishe."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi. Ilihitajika sentensi moja tu, ya aina ile ile ambayo Gervasi aliiandika ubaoni kwa chaki miaka yake yote ya ualimu: kula chumvi nyingi ni kuishi miaka mingi. Hata alifungua mdomo. Lakini aliona kwamba sentensi hiyo ikishatoka, swali litarudi palepale lilipokuwa, nani amekula, na safari hii litaanzia kwa wajumbe. Akaufunga. Wenzake walipumua, na Profesa akamgusa kiwiko kwa shukrani. Mguso huo ulimuuma.

Operesheni Rudisha Chumvi ilianza mara moja. Kamanda wa Polisi alijua msemo huo tangu akinyonya, askari wake wote waliujua, na hakimu aliyepangiwa kesi alikuwa na mama mwenye miaka tisini. Hakuna aliyesema kitu. Kila mmoja alifikiri kwamba walioko juu yake lazima wana sababu. Mvi zikawa kidhibiti. Makunyanzi yakachukuliwa kuwa ushahidi wa kimazingira. Dawa ya kupaka nywele rangi nyeusi ikawa adimu kama chumvi yenyewe, na vikongwe wenye fimbo walionekana wakiruka kamba mbele ya vituo vya polisi.

Lakini wengi hawakuona haja ya kujificha. Mahakamani waliulizwa swali moja tu, kama ni kweli kwamba wamekula chumvi nyingi, nao walijinyoosha na kujibu kwa fahari kuwa ndiyo, wanamshukuru Mungu, wameila kweli. Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekiri bila kulazimishwa. Wizara ya Afya ilipoulizwa jinsi ya kuirudisha, ilishauri kitaalamu kwamba chumvi humtoka mtu kwa jasho na kwa machozi. Likajengwa banda la bati uani kwa Mheshimiwa Mkuu, juani, wazee wakakalishwa humo wamefunikwa mablanketi, na wauguzi wakawa wanawafuta kwa taulo na kuzikamua taulo kwenye ndoo. Ndoo zilipelekwa sebuleni kwa gwaride.

Gervasi hakuweza kula wala kukaa. Alimkimbilia bibi yake.

Alimkuta Bibi Skolastika jikoni anasonga ugali. Alimwamkia, naye akaitikia marahaba mume wangu, umenikumbuka leo, huyo mke mdogo amekufukuza? Gervasi hakuweza kucheka. Alimweleza kwamba askari watafika mtaani, na kwamba akiulizwa aseme hajala, aseme yeye ni kijana tu aliyechakaa kwa shida. Bibi alimsikiliza, akamkaribisha chakula kwanza.

Palikuwa na maharage. Gervasi alitia tonge mdomoni, na uso wake ukakunjamana kabla hajauzuia. Alijilazimisha kumeza. Alipoinua macho, bibi alikuwa ameacha kula, anamwangalia. Nchi nzima ilikuwa imekula chukuchuku mpaka ndimi zikasahau, na hakuna mtu mtaani aliyekuwa bado anakunja uso.

"Mume wangu," alisema, "kumbe kwenu ipo."

Hakusema kwa ukali. Gervasi alitaka kumweleza habari za dereva, na za wenzake, na za mlango wa stoo, lakini maelezo yaliyokuwa yakimtosha nyumbani hayakufaa kutolewa mbele ya sahani ile. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alichokumbuka kwa uchungu zaidi ni kwamba, alipokuwa anatoka kwake asubuhi, alifikiria kumchukulia bibi walau kifuko, akaogopa kisionekane kwenye kizuizi cha polisi barabarani.

Bibi alisogeza bakuli. "Na hilo neno la kuwakamata wazee lilianzia wapi? Aliyelisema ni mtu wa shule. Watu wa hivi hivi hatutupi maneno ovyo."

Gervasi alisema hajui. Ndio uongo wa kwanza aliowahi kumwambia tangu alipokuwa mdogo na kuvunja mtungi.

Kelele zikasikika nje. Askari walikuwa wamefika, wanamtoa Mzee Kandoro, naye alikuwa anawaomba amalizie saa ya mteja. Askari mmoja aliingia uani kwa bibi, akamtambua Gervasi, akampigia saluti. Kisha akauliza kwa adabu kama bibi huyu naye amekula, au hajala, maana yeye angefuata neno la mkubwa.

Gervasi alikuwa na uwezo wa kusema hajala, na mambo yangeishia hapo kwa upande wao. Lakini Mzee Kandoro alikuwa amesimama langoni anasikiliza, na kumwokoa wa kwake mbele ya macho yale kulimshinda, na kuwaokoa wote wawili kulimtisha. Alibaki anatazama vidole vyake vyenye ugali. Bibi Skolastika akamhurumia. Alijifunga kanga yake vizuri, akasema mwenyewe kwamba amekula, tena ameila na Kandoro huyo huyo, na kwamba hapendi kuchelewa. Alitoka bila kugeuka nyuma.

Mzee Kandoro hakurudi. Banda lilimshinda siku ya nne. Taarifa rasmi ilisema kwamba marehemu amemaliza kurejesha mchango wake, na ikawapongeza ndugu.

Gervasi alipewa taarifa hiyo airekebishe lugha. Aliisoma, akaweka koma mahali palipokosa koma, akairudisha. Alikuwa anamjua mzee yule tangu utoto, ndiye aliyemfundisha kusoma saa.

Siku ya uzinduzi ikafika. Mabalozi walijaa sebuleni, bendi ikapangwa karibu na matumbawe. Samaki waliobaki walikuwa wachache, nao walijikusanya kwenye kona moja kama watu wanaosubiri usafiri. Ratiba iliyotungwa na Profesa ilisema kwamba kabla ya hotuba, mzee mmoja aliyekula chumvi nyingi kuliko wote ataletwa mbele, arudishe hadharani, iwe fundisho. Gervasi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Mheshimiwa Mkuu na hotuba mkononi. Aliyeletwa alikuwa Bibi Skolastika.

Alikuwa amepungua. Muuguzi alimshika kwapa, taulo begani. Walimkalisha kwenye kiti kilichoelekea kioo, na Mheshimiwa Mkuu akamuuliza, kwa upole wa kamera, chumvi yote hiyo aliila na nani.

Bibi alifikiri kidogo.

"Nilimlisha mjukuu wangu, baba," alisema. "Yatima. Nyingi aliila yeye."

Mheshimiwa Mkuu aliuliza mjukuu huyo yuko wapi. Bibi alitazama samaki, akasema hajui, watoto wakikua huenda mbali. Muuguzi akainua taulo.

Hapo Gervasi alivunjika. Alijikuta ameshapita mbele ya kiti cha mkubwa, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya darasani.

"Mheshimiwa, huo ni msemo tu. Kula chumvi nyingi maana yake ni kuishi miaka mingi. Hawa hawajala chumvi ya mtu. Ni wazee tu."

Bendi iliyokuwa inapuliza taratibu ikakoma. Mheshimiwa Mkuu alimgeukia Profesa Tirumanya, akamuuliza kama alilijua hilo. Profesa alisema analijua tangu utotoni. Akamuuliza Kamanda. Kamanda alisema hata watoto wake wanalijua.

"Sasa mbona mmewaweka bandani?"

"Mheshimiwa," alijibu Profesa, "tulidhani umeamua kubadilisha maana."

Mheshimiwa Mkuu alilitafakari jibu hilo, na ilionekana kwamba lilimpendeza. Kisha akacheka. Wote wakacheka, mabalozi nao, mpaka alipoacha. Alisimama, akaagiza wazee waachiwe, akamwekea Gervasi mkono begani, akamgeuza awatazame wageni, na wazee ambao walikuwa wanatolewa bandani na kusukumwa kuelekea mlangoni.

"Ndugu zangu, mtazameni kijana huyu," alisema. "Siku Luteni alipofariki, wakubwa wote walikaa kimya. Huyu peke yake ndiye aliyenipa neno hili la chumvi nyingi. Na leo huyu peke yake ndiye aliyenipa maana yake. Neno amelileta yeye, na wazee amewakomboa yeye. Mtu wa namna hii ni hazina."

Gervasi alitafuta uso wa bibi. Bibi alikuwa ameshageuka kwenye kiti, anamwangalia, na hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anamwangalia kwa makini, kama mtu aliyeletewa mgeni na kuambiwa kuwa wanafahamiana.

Gervasi alitaka kusema, na kulikuwa na mengi ya kusema, la gunia, la stoo, la Mzee Kandoro, lakini hakupata nafasi, kwa sababu alikuwa anavishwa nishani. Aliteuliwa papo hapo kuwa Mkombozi wa Wazee na Waziri wao. Kamera zikamsogelea. Mheshimiwa Mkuu aliagiza wazee wote wapange mstari, wampe mkono mkombozi wao, na kila mmoja amsalimu kama astahilivyo kusalimiwa mkubwa.

Walipita mmoja mmoja, wamechoka, mablanketi bado mabegani. Walimshukuru kwa dhati, na kila shukrani ilimchoma. Mstari ukasogea mpaka ikawa zamu ya Bibi Skolastika. Gervasi aliinama ili amwambie kitu sikioni, lolote, lakini bibi alikuwa ameshapiga magoti kidogo, kadiri magoti yale yalivyoweza. Aliushika mkono wa mjukuu wake kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema.

Nyuma yake mstari ulikuwa unasubiri. Mheshimiwa Mkuu alikuwa anatazama, anatabasamu, naye aliipenda sana heshima ya kienyeji.

"Marahaba," akaitikia Gervasi.